Amekula uyoga, tumbo limeanza: hesabu saa kwanza

Mtu akianza kutapika baada ya kula uyoga wa kuokota, walio karibu naye huuliza maswali mawili: ulikuwa uyoga gani, na tumpe nini? Yote mawili yanaweza kusubiri kidogo. La kwanza kujibiwa ni hili: alikula saa ngapi, na dalili ya kwanza ilimjia saa ngapi? Muda uliopita kati ya hapo humsaidia daktari kuliko rangi ya uyoga, na humsaidia kuliko maelezo ya aliyeuokota. Huyo wa mwisho alishaamini kwamba unaliwa, ndiyo maana ukafika mezani.

Kanuni yenyewe ni fupi. Dalili zinazoanza ndani ya saa mbili au tatu, mara nyingi humtesa mtu bila kumuua. Zinazoanza baada ya saa sita au zaidi zichukuliwe kuwa hatari kwa ini mpaka vipimo viseme vingine. Aliyekula saa moja jioni akaamka saa tisa usiku anatapika, huyo ana saa nane, na saa nane si habari njema hata kama anatembea na kuongea. Kanuni hii ina mianya, nitaionyesha kila tutakapoifikia.

Kabla ya kuendelea kusoma

Kama mgonjwa haamki ukimwita, ana degedege, anapumua kwa shida au anatapika damu, acha kusoma. Ita gari la wagonjwa au mpakie kwenye gari lolote lililo karibu. Asiye na fahamu alazwe ubavu ili matapishi yatoke yasimpalie, na asitiwe kitu chochote mdomoni.

Kama yuko macho, piga simu kituo cha taarifa za sumu ikiwa nchi yako inacho. Kama hakipo, nenda hospitali yenye maabara ya damu. Usianzie duka la dawa. Ukieleza kwamba mtu anaharisha utauziwa dawa ya kufunga tumbo, nayo huizuia sumu isitoke.

Usimtapishe. Kidole kooni, maji ya chumvi, mafuta ya kula, mayai mabichi, vyote viache. Maji ya chumvi nyingi yanaweza kupandisha chumvi ya damu kiasi cha kuua, hasa kwa mtoto, na pale sumu inapokuwa imekaa saa nane tumboni hakuna tena cha maana cha kutapisha. Maziwa hayazimui sumu ya uyoga. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa dawa unaotumika hospitalini, ambao umetengenezwa kwa namna ya kunasa sumu na hupewa mtu anayeweza kumeza bila kupaliwa. Parasetamoli ya kutuliza tumbo nayo iache, kwa kuwa husafishwa na ini, na ini ndilo tunaloliogopea. Pombe usiseme.

Kinachoruhusiwa ni maji kidogokidogo, au maji ya ORS kama yapo, kwa aliye macho na anayeweza kuyashikilia tumboni. Wakati mmoja anamhudumia mgonjwa, mwingine aende jikoni. Cha kutafuta huko nitakieleza mbele, ila asimwage taka wala asioshe sufuria.

Dalili: tumbo limechafuka mapema, ndani ya saa tatu

Hili ndilo tukio la kawaida kuliko yote. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata, kuhara. Chanzo huwa ni uyoga unaochokoza utumbo, na mfano unaokutwa sana nchi za joto ni *Chlorophyllum molybdites*, uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi zilizofyekwa na unaofanana mno na aina zinazoliwa. Ukikomaa, mikunjo iliyo chini ya kofia yake huwa ya kijanikijani. Ukiwa mchanga hiyo rangi haionekani, na hapo ndipo watu hunaswa. Kutapika kwake ni kukali, lakini kwa kawaida huisha ndani ya siku moja.

Vyanzo vingine vya dalili za mapema havina hata sumu ya kutaja: uyoga unaoliwa lakini haukuiva, uyoga uliooza kwa kukaa kwenye mfuko wa plastiki, au tumbo ambalo halijazoea. Zipo pia sumu za bakteria zilizoingia kwenye chakula kingine cha mlo huohuo, na upo woga. Mtu akisikia kwamba huenda amekula sumu, moyo utaenda mbio na tumbo litavurugika lenyewe. Hata hivyo mimi nisingekubali neno "ni woga tu" kutoka kwa mtu yeyote kabla ya saa kuhesabiwa na damu kupimwa.

Tiba hapa ni maji. Mpeleke hospitali bila kujadiliana kama ni mtoto, mzee, mjamzito au mgonjwa wa figo, kama kila anachokunywa kinarudi, kama kinyesi kina damu, au kama hajakojoa kwa muda mrefu.

Sasa mianya. Wa kwanza: sahani moja inaweza kuwa na uyoga wa aina tatu. Ule wa kuchokoza tumbo ukajitokeza saa ya pili, wa kuua ini ukafuata saa ya kumi, na wote mkaendelea kuulaumu ule wa kwanza. Wa pili: ulizia milo yote ya siku mbili zilizopita. Aliyeanza kutapika saa tatu baada ya chakula cha mchana huenda anaugua kwa sababu ya kile cha jana usiku, kilichotoka kwenye kikapu kilekile. Wa tatu: upo uyoga unaoanza mapema na bado ukadhuru vibaya. *Amanita smithiana* wa Amerika Kaskazini huanza kwa kutapika saa chache tu baada ya kula, kisha figo hufeli siku chache baadaye. *Russula subnigricans* wa Asia Mashariki unaweza kuanza chini ya saa mbili kisha ukavunja misuli. Kwa hiyo dalili za mapema hupunguza hofu tu. Damu ipimwe hata hivyo pale ambapo uyoga haujatambuliwa na mtu anayeujua.

Dalili: jasho, mate na machozi vinamtoka bila kukoma

Zikitokea ndani ya dakika 15 hadi saa mbili, pamoja na mboni za macho zilizosinyaa kuwa ndogo sana, kuona ukungu, tumbo kukata na mapigo ya moyo kwenda polepole, chanzo karibu bila shaka ni muskarini. Imo kwa wingi kwenye uyoga mdogo wa jamii ya *Inocybe* na baadhi ya *Clitocybe*. Hii ni mojawapo ya sumu chache za uyoga zenye dawa yake hasa: atropini, inayotolewa hospitalini kwa kipimo. Hatari iko kwenye mapafu kujaa ute na moyo kudorora. Mkalishe akiegemea au mlaze ubavu, mpangusie mdomo, na ondokeni.

Dalili: amechanganyikiwa, anacheka ovyo, au usingizi unamvamia

Hapa kuna makundi mawili, na kuyatofautisha nyumbani hakuna faida kubwa. *Amanita muscaria*, ule mwekundu wenye madoa meupe, na ndugu yake wa kahawia *Amanita pantherina*, huleta mtu anayepepesuka, anayeongea yasiyoeleweka, anayesinzia kisha anaruka na kupiga kelele, kisha anasinzia tena. Kwa kawaida huanza kati ya nusu saa na saa mbili. Kundi la pili ni uyoga wenye silosibini, unaoleta njozi na kubadilisha sura ya vitu, na ambao kwa mtu mzima hupungua baada ya saa nne hadi sita. Mtoto aliyekula huo wa pili anaweza kupata homa kali na degedege, kwa hiyo kwake si jambo la kucheka.

Mweke chumba chenye utulivu, mwanga hafifu, mbali na ngazi, visu na barabara. Asiachwe peke yake. Jina la *muscaria* limewapotosha wengi kudhani tiba yake ni atropini, kwa kuwa muskarini iligunduliwa kwanza ndani yake. Kiasi kilichomo ni kidogo mno, na kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa atropini inaweza kuongeza kuchanganyikiwa.

Dalili: uso unawaka na moyo unadunda, baada ya pombe

Uso na shingo vimeiva, moyo unaenda mbio, kichwa kinagonga, anatapika, na yote yameanza muda mfupi baada ya kunywa. Uliza kama alikula uyoga siku hiyo au siku mbili tatu zilizopita. *Coprinopsis atramentaria*, unaoyeyuka kuwa wino mweusi ukizeeka, huzuia mwili kumalizia kuvunja pombe. Mlo wa Ijumaa unaweza kumkamata mtu kwenye glasi ya Jumapili. Huisha kwa saa chache akiacha kunywa. Maumivu ya kifua au kuzirai vinamhamishia hospitali.

Dalili: tumbo limeanza baada ya saa sita

Hapa ndipo penye vifo. Mtu amekula, ameshiba, amelala vizuri. Kati ya saa sita na 24 baadaye, mara nyingi saa ya nane hadi ya kumi na mbili, anaamshwa na tumbo: kutapika mfululizo na kuhara majimaji matupu, wakati mwingine yenye damu. Watu husema ni chakula kingine, kwa sababu ule uyoga "ungekuwa mbaya ungetuumiza palepale". Hoja hiyo ni kinyume cha ukweli, nami sijui hoja nyingine inayochelewesha watu kufika hospitali kama hiyo.

Sumu inayoogopwa ni amatoksini. Imo kwenye *Amanita phalloides*, kwenye *Amanita* weupe kama *virosa* na *bisporigera*, kwenye *Galerina marginata* na kwenye *Lepiota* kadhaa wadogo. Inachofanya ni kuzuia kimeng'enya ambacho chembe za mwili hukitumia kunakili maagizo ya kutengeneza protini. Chembe isiyotengeneza protini hufa, na zinazokufa kwanza ni zile zinazofanya kazi hiyo kwa wingi: utando wa utumbo, kisha ini, na figo pia. Ini huitoa sumu kwenye nyongo, nyongo huimwaga kwenye utumbo, utumbo huifyonza upya na kuirudisha kwenye ini. Mzunguko huo ndio unaofanya mkaa wa dawa uendelee kuwa na maana hata kwa aliyechelewa kufika.

Kiasi kinachoweza kuua hukadiriwa kuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni miligramu sita, na uyoga mmoja wa *phalloides* unaweza kubeba kiasi hicho na zaidi. Kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha hakuiondoi. Ladha nayo haitoi onyo: walionusurika wamekuwa wakisimulia kwamba uyoga ulikuwa mtamu.

*Phalloides* asili yake ni Ulaya, lakini umesafiri na mizizi ya miti iliyopelekwa kupandwa kwingine, na leo unaota Australia, Afrika Kusini na Marekani. Wanaoumia mara nyingi ni wageni wa mahali, wanaodhani wameukuta uyoga wa kwao. *Volvariella volvacea*, unaopendwa sana Asia, ukiwa mchanga unafanana nao hadi kile kifuko kwenye kitako cha shina. Watu wawili walikufa huko Canberra, Australia, mwanzoni mwa 2012 baada ya mlo wa mkesha wa mwaka mpya uliotiwa *phalloides*. Kaskazini mwa California, Desemba 2016 pekee, waliripotiwa wagonjwa 14 wa uyoga huu, na watatu kati yao walihitaji kupandikizwa ini.

Cha kufanya ni kimoja: hospitali, sasa, hata kama ni usiku wa manane. Mkifika, sentensi ya kwanza iwe na saa ndani yake. "Alikula uyoga wa kuokota saa moja jioni, ameanza kutapika saa tisa usiku." Ukisema "anaharisha" tu, atapewa dripu moja na kurudishwa nyumbani.

Dalili: siku ya pili amepata nafuu

Nimeitenga hii kwa sababu ndiyo inayodanganya hata watu wa tiba. Baada ya siku moja hivi ya kutapika na kuhara, mgonjwa wa amatoksini hutulia. Anaomba chai, anakaa kitandani, anataka kuondoka. Tumbo limepumzika kweli, lakini ini ndiyo kwanza linaoza. Kuanzia siku ya pili au ya tatu vimeng'enya vya ini hupanda kwenye damu, macho huwa ya manjano, damu hushindwa kuganda, sukari hushuka, na anaanza kuchanganyikiwa. Wasionusurika wengi hufa ndani ya wiki moja hadi mbili tangu wale.

Jibu la maabara nalo linaweza kudanganya. Damu iliyopimwa saa kumi na mbili baada ya mlo inaweza kuonyesha ini zima kabisa, kwa kuwa mabadiliko huanza kuonekana karibu siku moja na nusu baada ya kula. Jibu moja zuri la mapema lisimtoe mtu wodini. Vipimo vinarudiwa kila baada ya saa kadhaa kwa angalau siku mbili. Familia ina haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, vipimo vya ini na vya kuganda kwa damu vitarudiwa saa ngapi?"

Dalili: kichwa, kizunguzungu na degedege, baada ya uyoga wenye mikunjo kama ubongo

*Gyromitra esculenta* huliwa katika baadhi ya nchi za Ulaya ya kaskazini baada ya kuchemshwa mara kadhaa na kumwaga maji. Anayefupisha kazi hiyo huanza kuumwa kati ya saa tano na 12: tumbo, kichwa kizito, udhaifu, kisha pengine degedege na ini kudhurika. Sumu yake hupaa na mvuke, kwa hiyo hata aliyesimama juu ya sufuria kwenye jiko lisilo na dirisha anaweza kuugua bila kuonja. Utajeni kwa jina hospitalini ikiwa mnaujua, kwa kuwa degedege zake hutibiwa kwa vitamini B6 ya sindano pamoja na dawa za kawaida.

Dalili: kiu isiyokatika na maumivu ya kiuno, siku nyingi baadaye

Huyu hakumbuki tena uyoga. Anakunywa maji kupita kiasi, kiuno kinauma, anahisi baridi na uchovu, kisha mkojo unapungua au unakatika. Kati ya siku mbili na wiki tatu zilizopita alikula uyoga wa kahawia-chungwa wa jamii ya *Cortinarius*, na sumu iliyomo, orelanini, imekuwa ikiua figo kimyakimya. Nchini Poland mwaka 1952 watu 102 waliugua na 11 wakafa kabla uhusiano huo haujatambuliwa. Daktari Stanisław Grzymała aliuandika miaka michache baadaye. Mwandishi wa riwaya Mwingereza Nicholas Evans na jamaa zake walikula uyoga wa jamii hii huko Uskoti mwaka 2008, na yeye aliishi kwa mashine ya kusafisha damu mpaka binti yake alipompa figo.

Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Kuna kusafisha damu kwa mashine na, kwa wengine, kupandikizwa figo. Ndiyo maana mtu yeyote mwenye figo zilizofeli ghafla bila sababu aulizwe alikula nini mwezi mzima uliopita.

Dalili: misuli inauma, mkojo ni wa kahawia

Misuli inayovunjika humwaga rangi yake kwenye mkojo na kuziba figo. Nimeutaja *Russula subnigricans*. Mwingine ni *Tricholoma equestre*, uliokuwa ukiuzwa na kuliwa Ulaya vizazi na vizazi, hadi madaktari wa Ufaransa walipoeleza mwaka 2001 wagonjwa 12 waliokuwa wameula milo mfululizo, watatu walikufa. Udhaifu wa mapaja baada ya siku kadhaa za kula uyoga uleule hautoki kwenye uchovu wa kazi.

Tatizo: tumekula wote, anayeumwa ni mmoja

Hilo haliuondolei uyoga lawama. Huenda kipande kimoja tu kilikuwa kibaya na kikaangukia sahani yake. Huenda yeye alikunywa pombe, au alikula zaidi. Huenda mwili wake umeshaukataa uyoga aliouzoea: *Paxillus involutus* unaweza kuliwa miaka mingi bila shida, kisha siku moja kinga ya mwili ikageuka na kuvunja chembe nyekundu za damu. Ndivyo alivyokufa Julius Schäffer mwaka 1944, naye alikuwa Mjerumani mtaalamu wa uyoga. Na huenda figo zake zilikuwa dhaifu tangu awali. Huko Japani mwaka 2004, *Pleurocybella porrigens*, uyoga mweupe uliokuwa ukiliwa bila wasiwasi, uliua watu 17, na wengi wa walioathirika walikuwa na ugonjwa wa figo.

Andika majina ya wote waliokula, hata aliyeonja kijiko kimoja wakati wa kupika. Wote wapimwe, pamoja na mama anayenyonyesha na mtoto wake.

Tatizo: hakuna anayeumwa bado, ila sasa tuna shaka

Mnaumwa au hamuumwi, pigeni simu au nendeni. Kama kuna mashaka ya *Amanita* mwenye sumu, saa zile za ukimya ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa sababu mkaa wa dawa na dripu vinafanya kazi zaidi kabla tumbo halijafunguka. Kusubiri "tuone kama litauma" ni kuchezea shilingi tundu la choo.

Mtoto mdogo aliyekutwa na uyoga mkononi ahesabiwe amemeza mpaka ithibitike vinginevyo. Toa vipande vilivyobaki mdomoni kwa kidole, msuuze, mpe maji kidogo ya kunywa, kisha rudi ulikomkuta uchimbe uyoga uliobaki. Kuushika tu hakumdhuru mtu. Mnawe mikono.

Cha kuokoa jikoni na kwenye takataka

Uyoga mbichi uliobaki ndio bora. Ufungwe kwenye karatasi, si plastiki, kwa kuwa kwenye plastiki huoza upesi. Uwekwe kwenye friji na kuandikwa wazi kwamba si chakula. Kama haupo, chukueni maganda na vishina kwenye taka, chakula kilichopikwa, hata matapishi ndani ya chombo chenye kifuniko. Mtaalamu mwenye hadubini anaweza kuzikuta spora (chembe za uzazi za uyoga) humo na kutambua aina.

Kama kuna anayekumbuka ulikookotwa, aende akauchimbe mwingine wa aina ileile pamoja na kitako chake. Usikatwe kwa kisu juu ya udongo: kifuko kinachotambulisha *Amanita* kimefukiwa chini, nacho hubaki ardhini kila mara mtu anapokata. Piga picha kofia kwa juu, upande wa chini, shina zima, uyoga uliopasuliwa katikati, na mti ulio karibu. Zitume kwa kituo cha sumu au daktari. Programu za simu zinazotaja jina la uyoga kutokana na picha zisiamue kesi ya mgonjwa. Hukosea, na hukosea kwa kujiamini.

Lakini gari lisisubiri sampuli. Mgonjwa atangulie, uyoga utafuata.

Kama kuna anayetaja kijiko cha fedha kisichobadilika rangi, kitunguu saumu kisichogeuka, konokono waliokuwa wakiula, au ganda lililobanduka kirahisi, mwacheni aseme huku mnaelekea garini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotambua amatoksini.

Mtakachokutana nacho hospitalini

Kwa aliyeanza baada ya saa sita, tarajieni kulazwa. Dripu nyingi, kwa kuwa kupoteza maji na chumvi kunaweza kuua kabla ini halijahusika. Mkaa wa dawa kwa kurudia. Vipimo vya ini, figo, sukari na kuganda kwa damu, tena na tena. Pale inapopatikana, silibinini ya mshipani, iliyotolewa kwenye mbegu za mmea wa *Silybum marianum*, ambayo huzuia sumu isiingie kwenye chembe za ini. Pale isipopatikana, madaktari wengine wametumia penisilini kwa kipimo kikubwa. Asetilisisteini, ileile ya waliozidisha parasetamoli, hutumika pia. Baadhi ya maabara hupima amatoksini kwenye mkojo, na mkojo wa mapema ndio wenye majibu ya maana.

Ini likiendelea kushindwa, inabaki kupandikiza. Kama hospitali mliyopo haina uwezo huo, mazungumzo ya kumhamisha yaanze wakati mgonjwa bado anajua jina lake. Akishazama kwenye kuchanganyikiwa, safari yenyewe inakuwa hatari. Hata kwa matibabu mazuri, takriban mmoja katika kila kumi hufa, na anayefika mapema huwa upande mzuri wa hesabu hiyo.

Akiruhusiwa, ulizeni tarehe ya kupima damu tena, na iwekwe kwenye karatasi. Aepuke pombe na parasetamoli mpaka daktari aseme ini limepona. Kama uyoga haukutambuliwa kabisa, figo zipimwe tena kwa muda wa wiki tatu, na arudi mara moja akiona macho ya manjano, mkojo uliopungua au uliogeuka rangi, michubuko isiyo na sababu, au usingizi wa mchana usio wa kawaida. Yule mbwa aliyepewa makombo ya mlo uleule naye apelekwe kwa daktari wa mifugo: sumu hiyohiyo huua mbwa, na kwa saa zilezile.